Bosi yuko safarini, simu inaita: Ofisi ndogo Singida inavyoweza kumkwepa tapeli

Meseji inaingia saa tano asubuhi. Wakili ametoka Singida mjini alfajiri kuwahi kesi Mahakama Kuu Dodoma, safari ya kilomita kama 240. Ofisini amebaki katibu muhtasi peke yake na mafaili na simu ya ofisi. Kwenye simu kumeandikwa hivi:

“Nimeingia mahakamani siwezi kupokea simu. Yule mwenye kiwanja mtumie laki nane sasa hivi kwa namba hii, jina litakuja la mke wake. Usitume kwangu, laini ina mkopo itakatwa. Nikirudi tutaandikiana.”

Huu ni mfano tu, lakini ni wachache sana wanaofanya kazi ofisini Tanzania ambao hawajawahi kuona kitu cha namna hii. Mchezo wa “ile hela tuma kwenye namba hii” una miaka sasa. Ulianza kwa kurushwa hovyo kwa kila namba: mpangaji anayedaiwa kodi adhani ni baba mwenye nyumba, mzazi adhani ni mwalimu wa mwanawe. Watu wengi wameshaujua, wanaufuta huku wanacheka. Uliobaki na meno ni huu wa ofisini, kwa sababu aliyeuandika anajua anamwandikia nani.

Ukiisoma meseji ile polepole, kila sentensi ina kazi yake. “Siwezi kupokea simu” inazuia katibu asipige kuhakiki. “Sasa hivi” inamnyima muda wa kufikiri. “Laini ina mkopo” inajibu swali ambalo lazima angeuliza, kwamba kwa nini hela isitumwe kwa namba ya bosi inayojulikana. Na “tutaandikiana” inamtuliza kuhusu vocha na risiti.

Hapo hakuna kompyuta iliyodukuliwa. Hakuna nywila iliyoibwa. Aliyelengwa ni mfanyakazi wa chini ambaye amezoea kutii haraka, na ambaye anaogopa kumuuliza bosi maswali.

Simu ya kwanza haiombi hela

Swali la kwanza baada ya kulizwa huwa moja: jamaa alijuaje kwamba bosi yuko Dodoma?

Inawezekana sana aliambiwa na ofisi yenyewe. Siku moja au mbili kabla, mtu alipiga simu kwa adabu zote. Shikamoo, habari za kazi, habari za nyumbani. Akajitambulisha kuwa ni mteja wa zamani, akamuulizia wakili. Akajibiwa kwa roho safi: “Hayupo kaka, kesho ana kesi Dodoma, labda Ijumaa.” Akashukuru, akakata. Hakuomba kitu, kwa hiyo hakuna aliyemkumbuka.

Taarifa nyingine zipo wazi. Jina la wakili na namba ya ofisi vimeandikwa kwenye kibao kinachosomwa na kila mpita njia. Mahakama hubandika orodha ya kesi na majina ya mawakili. Mhasibu ameweka kwenye WhatsApp picha yake akiwa semina Arusha. Mpima ardhi ameandika yuko Itigi wiki nzima. Mtu aliyekaa mbali kabisa na Singida anaweza kuunganisha vipande hivyo bila kunyanyuka kitini.

Kwa hiyo ulinzi unaanzia kwenye ile simu ya kwanza isiyoomba chochote. Jibu linalotosha ni fupi: “Hayupo mezani kwa sasa, niachie jina na namba nimwambie.” Mteja wa kweli ataacha jina. Si lazima mpigaji ajue bosi kaenda wapi, anarudi lini, na nani kabaki na funguo. Kwa watu waliolelewa kujibu salamu ndefu na kumsaidia mgeni, kufupisha maneno huonekana kama utovu wa adabu, na matapeli wanalijua hilo vizuri. Sauti ya mzee anayeita “mwanangu” hufungua milango mingi kuliko vitisho.

Kuna miezi ya kuwa makini zaidi. Baada ya mavuno ya alizeti, na wakati vitunguu na dengu vinauzwa, hela huzunguka Singida. Wateja hulipia viwanja, mirathi na kesi zilizokuwa zimelala. Katikati ya malipo mengi, moja la ajabu halionekani.

“Jina litakuja la…”

Hiki ndicho kipande cha meseji kinachostahili kuangaliwa kwa muda mrefu kuliko vingine.

Anayetuma hela kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Kinga hiyo iliwekwa makusudi, ili mtu akiona jina asilolijua asimame. Tapeli ameigeuza. Anataja jina mapema, halafu simu nayo inaleta jina lile lile, na mtumaji anapata faraja: kumbe ni kweli. Anachosahau ni kwamba jina limethibitisha kitu kimoja tu, kuwa laini ile imesajiliwa kwa jina hilo. Halikuthibitisha kwamba bosi ndiye aliyeandika.

Na hata mwenye jina anaweza kuwa hajui lolote. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019, ukiunganishwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na mwisho wa kusajili ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Ulisaidia sana. Lakini wapo wasajili wa mitaani waliomwambia mteja “kidole hakijasoma, weka tena”, na kwa kidole cha pili wakasajili laini nyingine ambayo mwenyewe hakuwahi kuishika. Mwenye jina linalotokea kwenye simu ya katibu anaweza kuwa bibi aliyekaa kijijini kwake, hana habari.

Ndiyo maana kila mfanyakazi, na bosi mwenyewe, anatakiwa mara kwa mara kupiga *106# kuangalia ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoijua, aende kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho akaikane. Ni dakika mbili tu, na inamwepusha mtu kuitwa polisi kwa laini ambayo hakuwahi kuimiliki.

Kwenye takwimu ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutoa kila robo mwaka, mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa mara kwa mara kuongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Hilo lisimfanye mtu wa Singida aanze kuogopa kila namba kutoka Sumbawanga au Ifakara. Laini haina mkoa, na aliyeishika leo kesho anaweza kuwa kwingine.

Ofisa wa serikali hana namba yake ya kulipia

Aina ya pili inatisha zaidi, maana inaanza na jina la mamlaka. Mpigaji anasema anatoka TRA, au OSHA, au zimamoto, au anasema yuko ofisi ya mkoa. Anajua jina la ofisi, pengine hata namba ya mlipa kodi, ambayo imechapishwa kwenye kila risiti ya EFD inayotolewa. Anasema kuna faini ya milioni tatu, faili liko mezani kwake, lakini “kwa kuwa tunafahamiana” likimalizwa leo kwa laki tano litafungwa.

Hapa kuna kipimo rahisi. Malipo ya serikali hupitia kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi wanaiita kontroo namba. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 2017. Kodi, leseni, ada na faini, vyote vina namba hiyo, na mlipaji akiiingiza benki au kwenye simu huona jina la taasisi na kiasi anachotakiwa kulipa. Anayesema tuma kwa namba ya simu, iwe ya kwake au ya “mhasibu wetu”, hakusanyi mapato ya serikali hata kama kitambulisho chake ni cha kweli. Kama ni ofisa kweli, anaomba rushwa, na hilo ni la kupeleka TAKUKURU.

Kuna ofisi huingia mtegoni kwa sababu zina kitu cha kuficha kidogo, risiti ambazo hazikutolewa au leseni iliyopita muda. Tapeli hajui kama kipo. Anarusha tu, na woga wa ofisi unamjibu. Mwenye hesabu zake sawa anaweza kusema kwa utulivu, “Nitakuja mwenyewe ofisini kwenu kesho asubuhi, niulizie nani?” Kama ni tapeli, simu hukatika hapo.

Zabuni nayo ni chambo. Mpigaji anasema halmashauri fulani inahitaji vifaa au ushauri wa kitaalamu haraka, jina la ofisi limependekezwa, kinachotakiwa ni ada ndogo ya kusajiliwa. Tangu 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa NeST. Zabuni ya serikali inayopatikana kwa simu ya mtu mmoja, na ambayo haimo kwenye mfumo huo, ni ya kuachwa hapo hapo.

Barua pepe za serikali nazo huishia na .go.tz. Ukiona barua yenye nembo ya bibi na bwana lakini imetoka kwenye anwani ya Gmail, au anwani inaishia .com baada ya jina la taasisi, hiyo si ya kujibu. Nembo hunakiliwa na mtu yeyote mwenye simu.

Barua pepe: tapeli anayesoma kwanza, anaandika baadaye

Kwa ofisi zinazolipana na kampuni za Dar es Salaam au nje ya nchi, hatari kubwa haiko kwenye meseji. Iko kwenye ankara, au invoisi kama wengi wanavyoiita.

Mchezo ni huu. Mtu anapata nywila ya barua pepe ya ofisi, au ya upande wa pili. Hafanyi fujo. Anasoma tu, wiki, hata mwezi. Anajua nani anamdai nani, nani huandika “habari za leo” na nani huandika “salaam”. Siku ankara ya kweli inapokaribia kulipwa, anatuma barua kwenye mazungumzo yale yale: “Akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali tumieni hii mpya.” Kila kitu ni sahihi isipokuwa namba ya akaunti.

Wakubwa nao wamepigwa hivyo. Raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya vifaa vya kompyuta ya Asia, akatuma ankara za uongo, na kati ya 2013 na 2015 Google na Facebook zikalipa zaidi ya dola milioni 100 za Marekani kwenye akaunti alizozifungua. Alihukumiwa miaka mitano jela Desemba 2019. Kampuni zenye wahandisi wazuri kuliko wote duniani, na kilichokosekana ni mtu wa kunyanyua simu na kumuuliza muuzaji. Kwa mwaka 2023 pekee, FBI ilipokea taarifa za hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 zilizotokana na utapeli wa aina hii.

Afrika Mashariki haiko pembeni. Operesheni ya Interpol iliyopewa jina la Serengeti, Septemba na Oktoba 2024, ilikamata watu 1,006 katika nchi 19 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo kwenye ushirikiano huo. Utapeli wa barua pepe za biashara ulikuwa kati ya makosa yaliyolengwa.

Sasa, nywila ya ofisi ndogo ya Singida inaibiwaje? Mara nyingine kwa kiungo cha uongo kinachofanana na ukurasa wa kuingilia Gmail. Lakini kuna mlango ambao hautajwi sana, nao ni steshenari.

Printa ya ofisi imeisha wino. Katibu anakimbia steshenari ya jirani, anafungua barua pepe ya ofisi kwenye kompyuta ya pale, anachapa hati ya kiapo, analipa, anaondoka. Barua pepe imebaki wazi. Au ameunganisha WhatsApp kwenye kompyuta ile ili atoe picha ya kitambulisho cha mteja, hakuitoa. Mwenye steshenari anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini viti vyake hukaliwa na watu kutwa nzima.

Dawa yake ipo. Kwenye WhatsApp, sehemu ya Vifaa Vilivyounganishwa huonyesha kila kompyuta iliyobaki imeunganishwa, na kila moja inaweza kutolewa hapo hapo. Kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama huonyesha vifaa vyote vilivyoingia. Kilicho kigeni kiondolewe na nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo. Bora zaidi ni kutuma hati kwa anwani ya steshenari yenyewe, au kuibeba kwenye flashi, badala ya kufungua sanduku zima la barua za wateja mbele ya watu.

Kuna kitu kingine ambacho hata waliobadili nywila hukisahau. Aliyewahi kuingia anaweza kuwa ameacha maagizo ndani ya barua pepe: kila barua yenye neno “malipo” ipelekwe nakala kwenye anwani yake, au barua za mteja fulani zijifiche zisionekane. Nywila mpya haifuti maagizo hayo. Lazima mtu afungue mipangilio, aangalie sehemu ya vichujio na ya usambazaji wa barua, na kufuta asichokiweka yeye. Kisha awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ili nywila peke yake isitoshe kuingia.

Simu ya ofisi yenyewe

Ofisi nyingi zina simu moja inayobeba kila kitu: WhatsApp ya wateja, laini ya pesa, barua pepe, meseji za benki. Akiishika tapeli, ameishika ofisi.

WhatsApp hutekwa kwa tarakimu sita. Tapeli anaweka namba ya ofisi kwenye simu yake, mfumo unatuma tarakimu za uthibitisho kwa mwenye namba, kisha yeye anapiga: “Samahani dada, kuna namba nimeituma kwako kwa bahati mbaya, nisomee.” Ikisomwa, akaunti imehama, na ndani ya saa moja wateja wote wanaombwa hela kwa jina la ofisi. Kinga ni kuweka namba ya siri ya hatua mbili ndani ya mipangilio ya akaunti, na kutosoma tarakimu za uthibitisho kwa binadamu yeyote.

Mwingine anamwambia mtu abonyeze *21* na namba fulani na alama ya reli “ili mtandao uongezeke kasi”. Hilo ni agizo la kuhamisha simu zote zinazoingia zielekee kwa tapeli. Benki ikipiga kuhakiki, anapokea yeye. Kuangalia kama simu zimehamishwa hubonyezwa *#21#, na kufuta ni ##21#.

Anayejitambulisha kuwa huduma kwa wateja ya mtandao naye ana kipimo. Mitandao hutumia namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi akidai anatoka Vodacom, Airtel, Yas au Halotel si wao. Na hata iwe namba gani, hakuna mtoa huduma wa kweli anayeuliza namba ya siri.

Simu ikipoteza mtandao ghafla katikati ya mji, wakati simu nyingine za mtandao huo zinasoma, isichukuliwe kuwa ni minara. Huenda laini imebadilishwa mahali pengine. Ni kupiga 100 mara moja kwa simu nyingine, kisha benki.

Kanuni moja, iandikwe, isainiwe na bosi

Ofisi ya watu watatu haihitaji mtaalamu wa usalama wa mtandao. Inahitaji kanuni moja inayofuatwa na wote: hela haitumwi kwa namba mpya au akaunti mpya mpaka mwenye hela apigiwe kwa namba iliyokuwa kwenye faili kabla ya ombi hilo kuja.

Maneno ya mwisho ndiyo uzito. Namba iliyoandikwa kwenye barua inayotiliwa shaka haitumiki kuhakiki barua hiyo, maana atapokea tapeli mwenyewe na kuthibitisha kwa furaha. Na kuhakiki ni kwa sauti. Kujibu meseji kwa meseji si kuhakiki. Akiwa mahakamani hapokei, hela inasubiri atoke.

Kwa kiasi kikubwa, kila ofisi ijiwekee chake, watu wawili waidhinishe. Ofisi zinazotunza hela za wateja, kama za mawakili na madalali wa viwanja, zina sababu ya ziada: hela hiyo si yao. Aliyeuza kiwanja chake Mandewa au Kiomboi hatakubali kuambiwa kwamba hela yake imeliwa na tapeli wa ofisi. Atadai, na ana haki.

Wengine huweka neno la siri kati ya bosi na katibu, kitu cha kawaida kama jina la mbuzi wa nyumbani, ambalo lazima litajwe kwenye kila agizo la hela. Linasaidia, ilimradi lisiandikwe kwenye WhatsApp. Siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigwa na kompyuta kutokana na ujumbe wa sauti aliowahi kutuma, kwa hiyo “nimeisikia sauti yake” si ushahidi kamili kama zamani.

Lakini kanuni yote hii inakufa kama bosi mwenyewe haiheshimu. Akipiga toka njiani akafoka, “Yaani unanihoji mimi? Tuma!”, siku hiyo amemfundisha katibu kwamba kuhakiki ni kosa. Tapeli atakapokuja kufoka hivyo hivyo, katibu atatuma. Bosi anayetaka ofisi salama anabandika karatasi ukutani yenye saini yake, inayosema kwamba hakuna mfanyakazi atakayelaumiwa kwa kuchelewesha malipo ili kuhakiki. Na siku akicheleweshwa yeye, anashukuru.

Hela ikishatoka

Dakika za kwanza ni za thamani kuliko zote, maana siku hizi hela inahama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, au benki, papo hapo. Kwanza ni kupiga 100 kwenye mtandao uliotuma na kuomba muamala uzuiwe, ukiwa na namba ya muamala mkononi. Kama ni benki, kupiga simu tawini na pia kwenda. Wizi wa mchana hugundulika jioni, na jioni hela imeshatolewa kwa wakala.

Meseji isifutwe. Watu huifuta kwa aibu, na wanafuta ushahidi. Ipelekwe namba 15040 ya TCRA, kwa kuisambaza kama ilivyo, kisha mfumo ukijibu, iandikwe namba iliyoituma. Hata aliyeshtuka mapema bila kupoteza kitu anatakiwa kuripoti, ili laini ile ifungiwe kabla ya kumfikia mwingine.

Halafu polisi, kuchukua RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la udanganyifu kwa kutumia kompyuta na kosa la kujifanya mtu mwingine, na kwa sheria hiyo simu nayo imo. Mtandao wa simu na benki hutoa taarifa za mwenye laini kwa utaratibu wa polisi. Hawampi mteja aliyekuja dirishani analia.

Kama barua pepe au simu iliyotekwa ilikuwa na vitambulisho na mikataba ya wateja, wateja hao waambiwe siku hiyo hiyo, ili wasitapeliwe kwa jina la ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana wanaokusanya taarifa za watu wazilinde, na wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakala za NIDA zilizolundikwa kwenye kona ya meza, au zilizogeuzwa karatasi za kuandikia upande wa pili, nazo ni taarifa za watu.

Linabaki suala ambalo ofisini huzungumzwa kwa minong’ono: nani analipa? Mara nyingi bosi mwenye hasira husema laki nane itakatwa kwenye mshahara wa katibu mwezi huu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu kufanya hivyo kwa kauli tu. Mfanyakazi lazima awe amekubali kwa maandishi, na hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake. Lazima aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yote kwa pamoja yasivuke robo ya mshahara wake.

Na katika ofisi ambayo haikuwahi kuandika kanuni yoyote ya malipo, ambayo bosi alikuwa akiagiza hela kwa meseji kila wiki na zinatumwa, kusema kwamba kosa ni la katibu peke yake kutakuwa na kazi ngumu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.